Nani Amsogelee Mwenziwe?

Kabla ya wimbo kuanza pana muda ambao wasikilizaji huusamehe na wapigaji huuogopa, nao ni muda wa kusawazisha nyuzi. Katika muda huo ndipo hubainika nani atamfuata nani, na jambo hilo halihusiani na nani mkubwa wala nani stadi. Aliyepata kukaa karibu na wapigaji wa taarab hapa Visiwani atakuwa ameliona. Akodiani haina kigingi cha kukazwa wala kulegezwa. Sauti zake zilifungiwa humo kiwandani, na ikiwa imezidi kidogo au imepungua kidogo, basi ndivyo itakavyobaki usiku kucha. Kwa hivyo udi husogea, na fidla husogea, na mpiga kanuni, maskini, mwenye nyuzi zaidi ya sabini, naye huinama na ufunguo wake akazipitia moja baada ya moja. Sijapata kumsikia mtu akiuliza kama hiyo ni haki.

Swali hilo nimekaa nalo miaka mingi, na lililonitia ndani yake si taarab, ambayo nimezaliwa nikaikuta, bali muziki wa mbali na kwetu kabisa: muziki wa Uingereza wa mwisho wa karne ya 16, na hasa namna ala mbili, luti na sitani, zilivyopangwa kupigwa pamoja. Namwomba msomaji anivumilie nikizieleza ala zenyewe kwanza, kwani swali langu limo ndani ya miili yake.

Luti si mgeni kwetu kama jina lake linavyosikika. Ni al-udi ya Waarabu iliyovuka kwenda Andalusi, ikaenea Ulaya, na ile lamu iliyo mwanzoni mwa jina lake ni mabaki ya "al" iliyoondoka nayo nyumbani. Udi wetu na luti yao ni watoto wa mama mmoja waliolelewa katika nyumba mbili. Huko Ulaya, kufikia mwisho wa karne ya 15, wapigaji walikuwa wakiiacha risha na kuzishika nyuzi kwa ncha za vidole, ili mkono mmoja uweze kutoa sauti mbili tatu kwa pamoja. Tena shingo ya luti, tofauti na shingo tupu ya udi, ilizungushiwa vipande vya utumbo wa mnyama, kila kipande kikiwa mpaka wa sauti moja na nyingine. Nitaviita vigawio. Vilifungwa kwa fundo tu, na kidole kikavisukuma vikasogea kadiri ya unene wa ukucha.

Sitani ni kiumbe cha aina nyingine. Mgongo wake ni bapa au karibu na bapa, si tumbo la mtungi kama luti. Nyuzi zake ni za chuma na shaba, hupigwa kwa risha ya unyoya, na sauti yake ni kali na ya kumetameta kama sarafu zikimwagwa juu ya sinia. Vigawio vyake havikufungwa bali vilipigiliwa: ni vijiti vya shaba vilivyokazwa ndani ya ubao wa shingo. Alipovitia fundi ndipo vitakapokaa mpaka ala ivunjike. Wala haikuwa ala ya heshima kubwa. Katika vinyozi vya Uingereza ilitundikwa ukutani ili mteja anayengoja zamu ya kunyolewa ajipigie, na kichwa cha shingo yake kilichongwa sura ya mtu au ya kinyago, hata Shakespeare katika Love's Labour's Lost akamfanya mtu afananishwe na kichwa cha sitani kwa dhihaka. Hata hivyo, Anthony Holborne hakuona haya kuiandikia kitabu kizima mwaka 1597.

Ala hizi mbili zilikutanishwa katika kundi la wapigaji sita. Ilikuwako luti, sitani, na bandora, ambayo ni ala kubwa ya nyuzi za chuma yenye sauti nene. Tena filimbi, na vayoli mbili za kupigwa kwa upinde, moja nyembamba na moja nene. Mwaka 1591 Malkia Elizabeth alipokaribishwa Elvetham, kundi la namna hiyo lilimpigia, akafurahi hata akakipa jina jipya kipande kimoja cha mtunzi Thomas Morley. Picha ya maisha ya Sir Henry Unton, iliyochorwa karibu na mwaka 1596 na ambayo imo katika hifadhi ya National Portrait Gallery mjini London, inawaonyesha wapigaji sita wameizunguka meza moja karamuni, kila mmoja na ala yake, hakuna aliyefanana na mwenzake. Halafu mwaka 1599 huyo Morley akachapisha mkusanyo wa vipande kwa ala hizo sita, akauhidi kwa Meya wa London na wazee wa mji, ambao walikuwa na wapigaji wao wa kuajiriwa. Gharama zililipwa na bwana mmoja ambaye jina lake halikutajwa. Mambo haya nayapenda: aliyetoa fedha amefichika, na walioombewa ihsani ni watu wa mshahara.

Sasa tazama jinsi kazi ilivyogawanywa. Kipande huwa na sehemu kadhaa, na kila sehemu hupigwa mara mbili. Mara ya kwanza wote huenda kwa utulivu. Mara ya pili luti huiacha njia kuu ikaanza kukimbia: pale ambapo wenziwe wana sauti moja ndefu, yeye huipasua ikawa nane au kumi na sita, akipanda na kushuka mithili ya mshairi aliyepewa kina akakichezea. Sitani haifanyi hivyo. Sitani hushusha mkusanyiko wa sauti, kisha mwingine, kisha mwingine, mahali pake na kwa wakati wake. Tena haijitoshi, kwani uzi unaokaa mahali pa uzi mnene kuliko wote kwa kweli si mnene kuliko wote, na chini yake hamna msingi. Pasipo bandora na vayoli nene, sitani ni nyumba iliyojengwa kuanzia madirishani.

Francis Bacon, katika kitabu kilichotoka baada ya kifo chake cha mwaka 1626, alijishughulisha na suala la ala zipi hupatana na zipi hazipatani. Alisema kinubi cha Kiirishi hupatana vyema na vayoli nene, ilhali luti na vajinali, kile kisanduku cha nyuzi za chuma zinazokwanyuliwa kwa unyoya, hazipatani sana. Bacon alikuwa mwanasheria na hukumu zake zina harufu ya mahakama, lakini hapa aligusa jambo. Sitani nayo ni nyuzi za chuma zinazokwanyuliwa kwa unyoya. Kwa kipimo chake ilistahiki kugombana na luti. Kilichoiokoa, kwa maoni yangu, ni kwamba haikupewa kazi ile ile. Wawili wanaofanana hupatana pale tu mmoja anapokubali kufanya jambo jingine, na hapo ndipo uchungu ulipo, kwa sababu mtu huuliza: kwa nini niwe mimi?

Nami niliuliza. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa masomoni Uingereza, nilijiunga na watu wachache waliokutana jioni moja kila wiki kupiga muziki huu kwa mapenzi tu. Niliingia nikiwa na kiburi cha mtu ambaye babu wa ala yao ametoka kwao. Niliupiga udi tangu utotoni, nikadhani kwa dhahiri kwamba nitapewa luti. Wakanipa sitani. Sababu yao ilikuwa ya kweli na rahisi: mkono wangu ulizoea risha, na wao vidole vyao vilizoea utumbo. Lakini mimi sikusikia sababu. Nilisikia hadithi ya zamani kwamba mtu wa visiwani, akifika huko, hupewa kazi ya kushika taa wengine wasome.

Wiki ya nne nilijilipizia kisasi. Mpiga luti wetu, mama mmoja mwenye umri wa mama yangu, alipoanza mapambo yake katika marudio ya pili, nami nikaanza yangu. Nilifanya vile tufanyavyo kwetu, ambapo udi, fidla na nai huifuata lahani moja na kila mmoja akaipaka rangi yake bila kuomba ruhusa. Nyuzi za chuma zikazimeza zile za utumbo. Yule mama aliendelea hatua chache, kisha akauweka mkono wake juu ya nyuzi, akazinyamazisha. Hakusema neno. Wengine nao wakanyamaza, mmoja mmoja, nikabaki peke yangu nikisikia kwamba nilichokuwa nikikipamba hakipo. Mapambo yangu yalikuwa yamesimama juu ya njia ambayo mimi ndiye niliyepewa kuitandika, na sikuitandika.

Nimelisimulia kosa hili kwa marafiki, na wengi wamenijibu kwa kusifu unyenyekevu. Jibu hilo halinitoshi. Unyenyekevu ni fadhila pale unapochaguliwa. Anayeambiwa anyenyekee na yule anayefaidika na unyenyekevu wake hakufundishwa adabu, amepewa amri. Na muziki huu ulitoka katika majumba yenye mabwana na watumishi. Vitabu vya zamani kuliko vyote vilivyosalia vya makundi haya, vya mwaka 1588, vinahusishwa na nyumba ya Sir Francis Walsingham, na mtunzi mkubwa ndani yake ni Daniel Bacheler, kijana wa miaka kama 16 aliyekuwa katika utumishi. Mtu asituambie kwamba kila aliyekaa katika mduara ule alikaa mahali alipopataka.

Lakini dai langu la siku ile, kwamba mahali pa sitani ni mahali pa mtumwa, nalo halisimami, na linaangushwa na vile vigawio. Sitani haiwezi kusogea. Shaba yake imepigiliwa. Basi luti, ala ya mabwana, yenye heshima zote na mapambo yote, ndiyo inayoinamisha shingo kabla ya wimbo na kusukuma utumbo wake huku na huku hata ikubaliane na ala ya kinyozi. Katika wimbo sitani humtumikia luti, na kabla ya wimbo luti humtumikia sitani. Mimi, kwa kuwa siku zote nilifika wimbo ukikaribia kuanza, niliona nusu moja tu.

Hapo ndipo linapozaliwa lile swali la mwanzo. Je, awezaye kusogea ndiye anayepaswa kusogea? Inaonekana ndiyo, na akili ya kawaida inakubali. Huwezi kuitaka shaba iwe utumbo. Ila kanuni hii, ikitolewa katika muziki na kupelekwa majumbani, inatisha. Nani asiyeijua ndoa ambayo mmoja ndiye mpole, na kwa kuwa ni mpole kila jambo humwangukia yeye? Nani asiyelijua baraza ambalo mkali haambiwi kitu kwa sababu "ndivyo alivyo", na mnyoofu huombwa avumilie kwa sababu "wewe unaelewa"? Kama uwezo wa kusogea unaleta wajibu wa kusogea, basi mwema atatozwa kwa wema wake na mgumu atalipwa kwa ugumu wake. Hiyo si haki hata kidogo.

Nadhani tofauti iko katika ukweli wa huo ugumu. Sitani haisingizii. Ukimwuliza fundi atakuonyesha shaba na ubao. Binadamu aghalabu husema amepigiliwa ilhali amefungwa fundo tu, na fundo lenyewe amelifunga yeye. Kwa hivyo kabla ya kumtaka mpole asogee, iko haki ya kuchunguza shingo ya mgumu. Najua uchunguzi huo ni wa hatari. Wako watu ambao maradhi, msiba au malezi yamewapigilia kweli, na hawana shaba ya kuwaonyesha wenye shaka.

Liko jambo la pili, ambalo asiyeishika luti mkononi halijui. Kigawio cha utumbo hupita chini ya nyuzi zote. Ukikisukuma ili uzi mmoja ukubaliane na sitani, umeusogeza mpaka wa sauti kwa nyuzi nyingine zote pia, na mojawapo itatoka ikilia vibaya. Upole wa luti si bahari isiyo na mwisho. Kila inachompa mwenziwe hukitoa mahali fulani ndani yake. Mpigaji stadi hujua uzi upi utaumia, akauepuka wimbo mzima au akaukandamiza kwa kidole kuficha kasoro. Msikilizaji hajui. Mpiga sitani naye hajui, asipoambiwa.

Wapenzi wa ushairi wanalifahamu jambo hili kwa njia nyingine. Vina na mizani katika shairi la kimapokeo ni shaba. Neno ndilo utumbo: hukatwa kwa inkisari, huvutwa kwa mazida, hubadilishwa kwa tabdila, ili likae sawa na kina kisichosogea. Tunamsifu malenga anayelisogeza neno bila kulivunja, na ni kweli kuna uzuri mkubwa humo. Ila kila neno lililokatwa limeacha kitu, na wapo washairi ambao maana zao zilichoka kusogea. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, kisha mijadala ikawaka, upande mmoja ulisema amevunja nyumba na upande mwingine ulisema amefungua dirisha. Mimi, ambaye bado natunga kwa vina, sikuwahi kuona kwamba alivichukia. Naona alikuwa akiuliza kwa nini siku zote awe neno.

Nirudi kwa Morley. Katika vitabu vya mkusanyo wake, kila ala ilikuwa na kitabu chake, na kitabu cha luti hakikutufikia kwa ukamilifu; vimebaki vipande tu. Kitabu cha sitani kimebaki. Yule mwenye mapambo amepotea, yule wa kinyozi amesalia. Sydney Beck alipoutengeneza upya mkusanyo ule, ukachapishwa New York mwaka 1959, alilazimika kuitafuta luti mahali pengine, na msaada mkubwa ulikuwa katika maandishi ya Matthew Holmes, mwimbaji wa kanisa aliyenakili kwa mkono vitabu vingi vya luti na sitani na ala nyingine, ambavyo leo vimo katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge.

Nilipolijua hilo mara ya kwanza nilifurahi kwa furaha mbaya, ya mtu aliyeona jirani tajiri amefilisika. Kisha nikakaa na kitabu cha sitani kujaribu kukisia luti ilikuwa ikisema nini. Haiwezekani. Sitani inakuambia luti ilipita barabara gani, ilikata kona wapi, ilipumzika wapi. Namna ilivyocheza njiani haikuambii. Anayetandika njia hubaki na ramani, na ramani ni kitu kikubwa, lakini furaha ya mwenziwe haimo. Na kinyume chake ni kweli vile vile: mapambo ya luti yakiwa peke yake, mara nyingi huwezi kujua yalikuwa yakipamba nini. Wawili hawa hawakuwekeana akiba. Kila mmoja alimwachia mwenziwe kitu ambacho hakikuandikwa katika kitabu chake mwenyewe, na kitabu kimoja kilipopotea, hicho kilipotea pia.

Kwetu tumezoea namna nyingine. Katika taarab ya zamani, iwe ya Nadi Ikhwani Safaa iliyoasisiwa mwaka 1905 au ya vikundi vilivyofuata, ala moja ikikosekana lahani haipotei, kwa kuwa wote wameibeba. Ni kama familia kubwa ambayo kila mtu anaijua hadithi ya bibi na kila mtu huisimulia kwa namna yake. Sisemi kwamba namna hii ni bora. Usalama wake una gharama, nayo ni kwamba hakuna anayehitajiwa kwa dharura. Unaweza kuondoka ukanywa kahawa ukarudi. Katika kundi la sita, ukinyamaza, pana shimo. Nililijua shimo hilo kwa masikio yangu usiku ule niliouharibu.

Wiki iliyofuata nilifika mapema, nusu saa kabla ya wengine, nikidhani nitakuwa peke yangu nipate kuutayarisha uso wangu. Yule mama alikuwapo tayari. Amekaa karibu na dirisha, luti imelala mapajani, anasukuma vigawio kwa kidole gumba huku amefumba macho. Nilimwamkia nikaanza kuomba radhi, naye akaniashiria nikae.

"Kijana, nipigie uzi wako wa tatu," alisema.

Nikaupiga. Akausikiliza mpaka ulipokwisha kabisa, akasukuma kigawio kimoja kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona, akajaribu uzi wake, akakunja uso.

"Hapa nimekupata. Lakini sasa huu wa nne wangu utakuwa mkali usiku wote."

Nikamwambia kwamba katika marudio ya pili, sauti ile ikifika, naweza kuupiga mkusanyiko wangu kwa wepesi zaidi, au nisiupige kabisa nikamwachia bandora. Alifikiri kidogo. Hakusema asante, na sikuitaka.

"Usiuache," alisema. "Upige pole. Hebu, tena, wa tatu."